Ua la mama lilipoanguka barazani

Upepo wa kusi ndio ulioliangusha. Ilikuwa mwezi wa tano mwaka 2019, masika bado yanaendelea, nami niko kwenye cherehani namalizia shingo ya dera la mteja. Nikasikia kishindo barazani. Nilipotoka, chungu cha mama kilikuwa vipande vinne sakafuni na ua limelala ubavu. Lakini udongo haukumwagika. Ulibaki vilevile na umbo la chungu, umefumwa na mizizi pande zote kama ukili wa mkeka, hata mstari wa ufa ulionekana juu yake.

Ni lile ua ambalo watu wanaliita kaktasi ya Krismasi. Halichomi. Matawi yake ni pingili bapa za kijani, moja imeota kwenye ncha ya nyingine, na kila pingili ina meno ya kuchongoka pembeni. Kwa meno hayo, nyumbani tulizoea kuliita mguu wa kaa. Mama alipewa vipande vyake na mwalimu jirani yetu, mwenyeji wa Lushoto, mwaka 1994, akavichomeka kwenye chungu hapa hapa Makorora, Tanga. Mama alituacha mwaka 2015. Ua likabaki mikononi mwangu kwa sababu mimi ndiye niliyebaki kwenye nyumba, na kwa miaka minne kazi yangu ilikuwa kulimwagilia tu. Sikulikata wala kulibadilishia udongo. Likawa kubwa mno, matawi yananing'inia mpaka yanagusa sakafu, katikati pana upara, na mashina ya chini yamekuwa ya kahawia, magumu kama kuni. Zito juu, chini halina kitu. Upepo mdogo ulitosha.

Siku ile nilifanya jambo ambalo moyoni niliona ni la upendo. Nilikwenda soko la Mgandini nikanunua ndoo ya lita ishirini, nikaitoboa chini, nikajaza udongo mweusi wa shambani nusu na samadi nusu, nikalizika ua humo zima zima kama lilivyoanguka, na jioni nikalimwagia maji mpaka yakatoka chini. Niliona nimelipatia nyumba kubwa na chakula kingi, na mvua ya masika ikaongezea yake.

Baada ya wiki tatu hivi pingili zikaanza kulegea. Zikawa nyembamba, zimekunjamana kama kitambaa kilichofuliwa miaka mingi. Nikaona lina kiu. Nikamwagia tena.

Hapa naomba anayefuga ua hili anisikilize vizuri. Kunyauka kwake kuna sababu mbili zinazofanana kabisa kwa macho. Linanyauka kwa kukosa maji, na linanyauka vilevile mizizi ikioza kwa maji mengi, kwa sababu mzizi uliooza hauwezi kupandisha maji hata ukikaa ndani ya dimbwi. Huwezi kutofautisha kwa kutazama juu. Ingiza kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili. Ukikuta pakavu, ni kiu. Ukikuta kidole kinatoka na matope na ua limelegea, weka kopo la maji chini haraka, usimwagie.

Mimi sikuingiza kidole. Nilijua siku niliposhika tawi moja nene ili nilisogeze, likanifuata mkononi bila ubishi. Likaja na harufu, na harufu ile mtu wa pwani anaijua, ni ya makumbi ya nazi yaliyofukiwa kwenye tope la bahari. Nilipoishika mizizi kwa vidole viwili nikavuta, ganda la nje likavuka lote likabaki mkononi, ndani pakabaki uzi mwembamba tu. Tangu siku ile hivyo ndivyo ninavyoupima mzizi. Ulio mzima unagoma, ganda haliachi. Uliokufa unavuka kama soksi.

Nusu nzima ya ua la mama ilikuwa imekwenda. Nilikaa barazani nikalia, na sioni haya kulisema.

Aliyeniinua ni mjomba. Yeye amefanya kazi miaka mingi kwenye shamba la mkonge upande wa Pangani, na alikuja siku ile kwa jambo lake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akatazama ile ndoo akauliza nani amekufa. Nilipomweleza akachukua kisu jikoni, akakichemsha kwenye maji, akakata upande wote uliooza mpaka akafika kwenye nyama ya kijani isiyo na doa. Upande uliobaki na mizizi hai akautoa kwenye matope kama ulivyo. Kisha kwenye matawi yaliyokatwa akachagua ncha zilizokuwa bado ngumu. Hakutumia kisu hapo. Alishika pingili mbili zinapoungana, akazungusha kidogo, zikaachana zenyewe "tak". Akapata vipande kumi na viwili, kila kimoja cha pingili tatu.

Nikaleta udongo. Akanizuia.

"Mwanangu, kidonda hakifukiwi kibichi. Viweke kivulini, vikae."

"Vitakauka, mjomba."

"Mkonge tulikuwa tunang'oa leo, tunapanda wiki ijayo. Kitu chenye maji yake ndani hakina haraka."

Akanikumbusha jambo ambalo wazee wa mkonge wanapenda kulisimulia. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida huko Marekani. Ilipozungukia Hamburg na kufika Tanga ilikuwa imebaki hai 62 tu. Mashamba yote yale tunayoyaona njiani, Muheza, Korogwe, Pangani, mwanzo wake ni ile 62 iliyostahimili safari ndefu ya baharini, na iliongezwa kwa machipukizi. Mjomba alisimulia huku anapanga vile vipande kwenye ungo, kimoja kimoja, visigusane.

Vilikaa siku tatu juu ya kabati. Pale palipoachana pakafanya utando mkavu, mweupe kidogo. Nilivichomeka vinne vinne kwenye makopo madogo, nusu ya pingili ya chini ikiwa ndani, na sikumwagia. Nilinyunyizia tu asubuhi. Ilipofika wiki ya nne nikagusa kimoja, kikagoma kutoka. Vilishika kumi. Viwili vilioza, na vyote viwili vilikuwa kwenye kopo ambalo nilisahau kulitoboa.

Lakini bado sikuwa nimeelewa kwa nini. Nilifuata maneno ya mjomba tu. Kuelewa kulikuja mwaka uliofuata, nilipokwenda Amani na kikundi chetu cha kina mama.

Amani iko juu ya milima ya Usambara Mashariki, na bustani yake ya miti ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Mimi nilikwenda nikifikiria baridi na chai. Tukiwa tunatembea msituni, kijana aliyetuongoza akatuonyesha juu, kwenye panda ya mti mkubwa. Palikuwa na kitu kinaning'inia kama nyuzi nene za kijani, nyingi, kimebeba vitunda vidogo vyeupe kama shanga. Akasema, hiyo ni kaktasi. Nilidhani anatutania. Akaeleza kuwa ndiyo kaktasi pekee iliyomea Afrika bila kuletwa na mtu. Nyingine zote asili yake ni bara la Amerika. Na nilipomwuliza habari za mguu wa kaa wangu, akasema hao ni ndugu wa karibu. Ua letu asili yake ni milima ya pwani ya Brazili, karibu na Rio de Janeiro, na huko nako halioti ardhini. Linaota juu ya miti na kwenye nyufa za mawe, ndani ya ukungu.

Nilisimama pale wenzangu wakaniacha. Nilikuwa natazama mizizi. Imeshika gome, imeingia kwenye majani makavu kidogo yaliyonasa kwenye ile panda, kiasi cha kujaza viganja viwili. Basi. Mvua ikinyesha inalowa, na baada ya muda kidogo hewa imepita na pamekauka. Neno kaktasi lilinipeleka jangwani, na udongo wangu mweusi ukanipeleka shambani, kumbe kote si kwao. Nilikuwa nimemchukua mkaaji wa juu ya mti nikamzika kwenye tope.

Niliporudi Tanga nikatengeneza udongo upya, na huu ndio ninaoutumia mpaka leo. Makumbi ya nazi niliyoyachambua na kuyakatakata vipande vya ukubwa wa punje ya hindi, sehemu mbili. Majani makavu ya mwembe yaliyooza yenyewe, sehemu moja. Mchanga mnene wa mtoni, sehemu moja. Chenga za mkaa, viganja viwili kwa kila ndoo ndogo. Ukiushika ukiwa umelowa ukaukamua, usibaki tonge, uachane.

Makumbi yana mtego wake kwetu pwani. Mengi yameloweshwa kwenye maji ya bahari, au yamelala ufukweni, na chumvi imeingia. Ukiyatumia hivyohivyo unaliunguza ua kwenye mizizi. Mimi nayaloweka siku nzima, namwaga, narudia tena na tena, mpaka niyaonje kwa ncha ya ulimi nisisikie chumvi. Mchanga wa baharini siugusi, hata uoshwe vipi. Na maji ya kisima cha mtaani kwetu, yaliyopita kwenye matumbawe, yanaacha ukoga mweupe mdomoni mwa chungu. Ua hili halipendi chokaa. Nakinga ya mvua. Ikikosekana natumia ya bomba, ambayo inatoka bwawa la Mabayani kwenye Mto Zigi, na Zigi unaanzia kule kule milima ya Amani. Jambo hilo hunifurahisha kila ninapomwagilia.

Lile kapu la mizizi lililopona nililipanda kwenye chungu kidogo mwaka 2019 bila kulichambua, kwa hofu. Likapona, likakua, na kufikia 2022 likawa tena vilevile: limebana, linaegemea, maji nikimimina yanapita pembeni bila kuingia ndani. Nikajua siwezi kuliacha lianguke mara ya pili. Nikampigia dada yangu mkubwa aliyeko Dar es Salaam kumwambia nataka kuligawa.

"Usilikate," alisema. "Mama hakulikata."

"Dada, mama alipewa vipande."

Akanyamaza. Halafu akasema nifanye ninavyoona, ila sauti yake haikuwa imekubali.

Nilingoja mwisho wa Agosti. Maua yalikuwa yameshaanguka, kusi imepungua, vuli bado. Kuligawa likiwa na vitumba ni kuvipoteza vyote, linavidondosha kwa kusogezwa tu. Nikaacha kumwagia siku saba ili udongo uwe mwepesi. Asubuhi nikatandika gunia barazani, nikalaza chungu ubavu, nikakizungusha huku nakigonga kwa kiganja, mpaka bonge likateleza.

Sikuanza na kisu. Nilikaa na kijiti cha mwanzi nikianzia chini, nachokonoa udongo wa zamani taratibu, kama ninavyofumua pindo la nguo ambayo sitaki kitambaa kichanike. Nywele za mizizi zikakatika nyingi, hilo haliepukiki na halina madhara. Saa nzima ikapita. Nilipofika karibu na mashina, bonge likaanza kunionyesha lenyewe pa kuachana. Kumbe halikuwa ua moja. Zilikuwa shina tatu, kila moja na mizizi yake, zimepishana kidole kimoja na kuinama kidogo kuelekea katikati, kama mtu alivyozichomeka kwa mkono wa kulia akiwa amechuchumaa. Ni vile vipande vya mwalimu. Mama alivichomeka mwaka 1994, na nafasi aliyoiacha kati yake bado ilikuwepo.

Niliziachanisha kwa vidole. Mahali pawili tu mizizi ilikuwa imesukana mno nikatumia kisu kilichochemshwa. Matawi marefu niliyapogoa kwa kuzungusha pingili, kama theluthi moja yaondoke, ili mizizi iliyopungua isibebeshwe mzigo wa zamani. Juu ya yale mashina makavu yenye upara sikutarajia kitu. Miezi miwili baadaye yalichipua kwenye vifundo vyake, machipukizi mekundu mekundu. Kwa hiyo usitupe shina kwa kuwa limezeeka.

Chungu cha kila shina nilichagua kinachozidi mizizi upana wa kidole kimoja pande zote, si zaidi. Udongo mwingi usio na mizizi unabaki na maji yasiyo na mnywaji, na hapo ndipo kuoza kunapoanza. Nikapanda kina kilekile cha awali. Nikaviweka uani nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, penye mwanga lakini jua halichomi. Likipigwa na jua la saa sita pingili zinageuka zambarau. Maji ya kwanza nilitoa siku ya tano. Samadi sikutia kabisa mpaka nilipoona pingili mpya, nayo ilikuwa maji ya samadi yaliyochujwa na kuzimuliwa, rangi ya chai ya rangi isiyokolea. Vidung'ata vilijitokeza kwenye maungio ya shina moja, vile vyeupe kama pamba. Nilivifuta kwa spiriti, wiki tatu mfululizo, vikaisha.

Tuko wanne kwa mama. Shina tatu za zamani niliwapa wenzangu. Mimi nikabaki na makopo ya vipande vya mjomba, ambavyo tayari vilikuwa vimejaa na kuanza kuinama vizuri. Mdogo wetu wa kike yuko Chumbageni, alikuja kuchukua la kwake kwa bajaji. Kaka anafundisha Lushoto, akalipakia kwenye basi ndani ya ndoo. Ua la mwalimu likarudi kwao.

Na hapo Lushoto limefanya mambo. Kaka alituma picha Julai iliyofuata, pingili hazionekani kwa maua. Mimi hapa Tanga napata kumi, kumi na tano. Dada wa Dar hakupata hata moja, akaniuliza kama nilimpa shina bovu. Si shina. Ua hili linahesabu giza. Linatia vitumba usiku ukirefuka na hali ya hewa ikipoa, na usiku ukiwa na baridi ya kweli kama ule wa Lushoto, mita 1,400 hivi juu ya bahari, halihitaji kubembelezwa. Ulaya usiku mrefu ni wa Desemba, ndipo jina la Krismasi lilipotoka. Huko kwao Brazili wanaliita ua la Mei. Sisi tuko kusini mwa ikweta pia, kwa hiyo majira yake kwetu ni kipupwe, ingawa usiku wetu hautofautiani sana mwaka mzima. Ndiyo maana taa ya baraza inaweza kuliharibia hesabu yote. La mama lilikuwa chini ya taa miaka mingi, na nakumbuka lilikuwa likitoa ua moja, mbili, upande ule uliotazama ukuta tu.

Siku hizi kuanzia mwanzo wa Mei naingiza makopo yangu stoo saa kumi na moja jioni na kuyatoa saa mbili asubuhi, kila siku, wiki sita. Maji napunguza. Kitumba kikionekana, kama punje ya mchele nyekundu kwenye ncha, naacha kulihamisha na silizungushi tena.

Nilimweleza dada yote hayo kwa simu. Anakaa Tabata, joto halipungui sana hata usiku, na la kwake alikuwa ameliweka sebuleni penye televisheni na taa mpaka usiku wa manane. Idi iliyopita alipokuja nikaona lililoko kwangu amelitazama muda mrefu. Hakusema kitu kuhusu kukata. Alipokuwa anaondoka aliomba vipande vitatu vya kuongezea kwenye chungu chake, pale penye nafasi, nikavizungusha mbele yake, nikavifunga kwenye gazeti kavu.

Wiki iliyopita akapiga asubuhi na mapema. Vipande vimesimama, na kimoja kina kitu chekundu kwenye ncha, kidogo sana, hajui kama ni pingili au ni ua.

"Nimwagie?" akauliza.

Nikamwambia aingize kidole kwanza. Nikasikia ameweka simu mezani, nikasikia hatua zake, kisha akarudi.

"Bado kuna unyevu."

"Basi liache, dada. Mpaka keshokutwa."